Uamuzi wa Kutopiga Makofi

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Wenye nayo wanaijua, na wasio nayo wamshukuru Mungu wanyamaze. Itoshe kusema kwamba ni nchi njema, ina milima yake, ina mito yake, ina Wizara ya Elimu na Shangwe, na watu wake ni wapole kiasi kwamba ukimkanyaga mtu mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Ila sifa yao kubwa ni makofi.

Huko mtu hafungui mdomo mbele za watu bila kupigiwa makofi, wala haufungi bila kupigiwa mengine. Mtoto hujua kupiga makofi kabla hajajua kushika kalamu. Yapo makofi ya kilo, yaani kofi moja zito la wote kwa pamoja. Yapo ya gunia, ambayo ni kilo juu ya kilo mpaka viganja viwake moto. Yapo ya mvua, yanayoanza kwa kidole kimoja na kuishia kwa ngurumo. Msibani hupigwa ya mvua kwa heshima ya marehemu. Kuna mwaka daraja jipya lilizama mtoni mbele ya waziri aliyekuja kulizindua, na kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa amesema "tazameni," wananchi walimpigia gunia zima. Waziri yule alipandishwa cheo.

Mwalimu Sikudhani Mbelwa alikuwa mwananchi mwema wa nchi hiyo. Alifundisha darasa la tatu katika shule ya msingi ya mji mdogo usio na sifa yoyote, na utotoni mwake aliwahi kushinda mashindano ya makofi ya wilaya, akazawadiwa sufuria lenye mfuniko. Hakuwa mkorofi wala mwanamapinduzi. Kama si Sanura, angestaafu bila serikali kujua kwamba yupo.

Sanura alikuja akiwa na miaka tisa na hajamaliza hata muhula mmoja popote. Mama yake, fundi cherehani wa pale sokoni, alikuwa amemzungusha shule zote za karibu, na kila shule ilimpokea kwa makofi na kumrudisha kabla ya uji wa saa nne. Daktari mmoja wa hospitali ya mbali alikuwa ameshamweleza kwamba mtoto ana usonji: akili anayo, moyo anao, ila dunia inamwingia kwa kishindo kuliko inavyotuingia sisi, na maneno humtoka kwa utaratibu wake mwenyewe. Mama Sanura alielewa vizuri. Shida ilikuwa dunia, ambayo siku ile haikuwepo hospitalini.

Siku ya kwanza Sikudhani alifanya kama afanyavyo kila mwalimu. Alimsimamisha mtoto mbele, akataja jina lake, akaliambia darasa limpe mwenzao kilo moja ya karibu. Kilo ikatua. Sanura aliziba masikio akaanguka chini, akajing'ata mkono hadi ukatoka damu, kisha akatimka na kujificha nyuma ya tangi la maji, akakaa huko mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Mwalimu alikwenda kukaa naye. Hakumwambia chochote kwa sababu hakuwa na la kumwambia, na huenda hilo ndilo lililomsaidia mtoto.

Tangu hapo makofi yalikoma katika darasa lile. Mwenzao akifanya vizuri, watoto walinyanyua mikono juu wakachezesha vidole kimyakimya, na jambo hilo liliwafurahisha sana, maana lilikuwa la kwao peke yao. Sanura akaanza kukaa. Kwanza alikaa mlangoni, halafu chini ya dirisha, mwishowe kwenye dawati la mbele, akipanga vizibo vya soda kwa rangi. Alikuwa na neno moja alilolitumia kuliko yote, nalo ni "bado." Bado lilikuwa sitaki, lilikuwa ngoja, lilikuwa naogopa, na Sikudhani alijifunza kulipokea kama lilivyokuja. Kabla ya muhula kwisha, Sanura alisimama akalipa darasa mgongo, akasoma ukurasa mzima wa kitabu kwa sauti iliyonyooka. Mama yake alipoambiwa, alikaa chini palepale uani pa shule akalia bila kuona haya.

Lakini katika nchi ile darasa lisilosikika makofi ni kama jiko lisilotoka moshi. Majirani hawachelewi kuuliza. Mwalimu Mkuu, Mzee Lukelo, alikuwa mtu mwema, karibu anastaafu, na aliogopa kila kitu kilichosimama kati yake na kiinua mgongo chake. Alimwita Sikudhani ofisini akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna mgomo. Sikudhani akamweleza. Mzee Lukelo akafikiri sana, kisha akaomba angalau watoto wapige makofi siku za ukaguzi. Sikudhani akasema hapana, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia mkubwa hapana, akashangaa kuona paa halijashuka.

Paa lilikuwa linasubiri waraka. Wizara, ambayo siku hiyohiyo iligundua kwamba kuna watoto wenye usonji na wenye tabia zinazohitaji msaada, iliamua kuwapenda kwa haraka. Waraka ulisema kwamba kwa kuwa watoto hao ni hazina, ni marufuku kufundishwa na mtu asiye na Cheti cha Uelewa, na kwa kuwa hakuna hata mwalimu mmoja mwenye cheti hicho, hazina hiyo irudishwe nyumbani mara moja hadi mafunzo yatakapokamilika. Shule zote zilitii kwa furaha. Mzee Lukelo, kwa wema wake, alimwambia Sikudhani kwamba atajifanya hajauona waraka mpaka mafunzo yaishe. Akirudi na cheti, Sanura atabaki. Akirudi mikono mitupu, mtoto ataondoka kesho yake, na asije akalaumiwa yeye Lukelo.

Basi Sikudhani akafunga virago kwenda mafunzoni.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi mkubwa wa mkoa, chini ya Mwezeshaji Mkuu, Dakta Semkuya. Huyu alikuwa hajawahi kufundisha mtoto yeyote, ila alikuwa amefundisha watu waliofundisha watu waliofundisha walimu, na suti yake ilionesha hivyo. Siku ya kwanza ilikuwa ya ufunguzi. Siku ya pili ilikuwa ya kutathmini ufunguzi. Siku ya tatu somo lenyewe lilianza na umeme ukakatika, lakini Dakta hakutetereka. Aliendelea kusema "kama mnavyoona hapo kwenye skrini," na walimu walilitazama lile giza, wakatikisa vichwa, wakaandika.

Msingi wa mafunzo ulikuwa Mkao wa Uelewa. Mwalimu hulaza kichwa kidogo upande wa kushoto, huweka viganja kifuani, na macho yake huonesha kwamba ameguswa lakini hajayumba. Akishakaa hivyo hutamka Kauli ya Uelewa, isemayo: tunakuona, tunakusikia, tafadhali inuka. Walifanya mazoezi asubuhi na baada ya chai. Walimu wenye shingo ngumu walifanyishwa ya ziada.

Kitu kimoja tu kilikosekana, nacho ni watoto. Sikudhani alinyoosha mkono akauliza kama watakuja. Dakta Semkuya alimtazama kwa Mkao wa Uelewa.

"Mwalimu wangu," alisema, "watoto hawa wanavuruga. Tukiwaleta hapa, tutajifunza saa ngapi?"

Ukumbi ukampigia kilo. Kwa hiyo watoto waliigizwa na watu wazima. Afisa elimu kata mmoja mwenye kitambi cha kutosha aliteuliwa kuwa mtoto aliyezidiwa. Alitandika leso sakafuni, akajilaza juu yake kwa uangalifu asichafue suruali, akapiga miguu hewani mara kadhaa kwa heshima. Wenzake walimzunguka, wakalaza vichwa, wakatamka Kauli. Afisa akainuka papo hapo, akajipangusa, akashukuru. Alipigiwa gunia, na baadhi ya walimu walifuta machozi kwa kuona jinsi sayansi ilivyo na nguvu.

Sikudhani alisimama tena. Alisema kwamba mtoto aliyezidiwa hainuki kwa kuambiwa inuka. Kwamba pengine kinachomwangusha ni kelele, au mwanga, au mkono uliomshika ghafla, na kwamba kazi ya kwanza ni kukiondoa hicho. Dakta alisema ni hoja nzuri. Katika nchi ile hoja nzuri maana yake kaa chini, naye akakaa.

Mwishoni mwa mafunzo ikatangazwa kwamba Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Kilembwe, atakuja kufunga na kugawa vyeti, na kwamba Mheshimiwa hatagawa chochote bila kuona matunda. Lazima awepo mtoto halisi, mwenye usonji halisi, akiwa ametulia kutokana na mafunzo. Hapo ndipo wakubwa walipokuna vichwa, maana kila mwalimu alipoulizwa alijibu kwamba wa kwake alikwisharudishwa nyumbani kwa mujibu wa waraka. Nchi nzima ya hazina, na haikupatikana ya kumwonesha mgeni. Mzee Lukelo, aliyealikwa kwenye kilele, yaani siku hiyo ya kufunga, alijisahau akasema shuleni kwake yupo mmoja, tena ametulia mno.

Dakta Semkuya alimfuata Sikudhani wakati wa chai akamkaribisha sambusa kwa mkono wake mwenyewe. Alimwambia kwamba Sanura ndiye tunda. Sikudhani akasema mtoto alitulia kabla ya mafunzo. Dakta akajibu kwamba hilo linathibitisha mafunzo yalivyokuwa bora, kwani yamefanya kazi hata kabla hayajaanza. Kisha akaeleza kwa upole kwamba bila mtoto hakuna kilele, bila kilele hakuna vyeti, na bila cheti yeye Sikudhani anajua nani atakayeumia.

Alijua. Ndicho kilichomfanya ashindwe kumeza sambusa. Alisema atamleta kwa sharti moja tu, kwamba ukumbini pasipigwe makofi hata kidogo. Dakta alicheka, halafu akaona kwamba mwenzake hacheki, akalipeleka jambo hilo kwenye kamati ya maandalizi.

Kamati ilikesha nalo. Ugumu haukuwa mtoto. Ugumu ulikuwa Waziri. Katika nchi ile kiongozi akiingia ukumbini akakuta kimya, maana yake ni moja: redio imetangaza kwamba ameondolewa madarakani na yeye alikuwa njiani hajasikia. Waziri mmoja wa zamani aliwahi kuzirai mlangoni kwa sababu tu mpiga ngoma alichelewa. Wajumbe wengine walishauri mtoto azibwe masikio kwa pamba na makofi yabaki. Wengine walisema mtoto aoneshwe kwa picha. Mwishowe ilikubaliwa kwamba Waziri apigiwe simu mapema, aelezwe taratibu, na ahakikishiwe kwamba bado ni Waziri. Mheshimiwa alifikiri akaona jambo hilo lina sifa ndani yake. Akasema vizuri, yeye mwenyewe ndiye atakayetangaza.

Sikudhani alikwenda nyumbani kwa Mama Sanura kumwomba ruhusa. Alimkuta anatia pindo kwenye sare za shule, Sanura amekaa chini ya meza ya kukatia nguo anafuata mwendo wa pedali kwa kidole. Alimweleza yote: cheti, kilele, Waziri. Mama Sanura alisikiliza bila kuinua macho.

"Watapiga makofi?" aliuliza.

"Nimewaomba wasipige, na wamekubali."

"Sijakuuliza kama umewaomba, Mwalimu."

Sikudhani alisema hawatapiga. Alisema naye atakuwa hapohapo ubavuni mwa mtoto na hatabanduka. Alilisema hilo kwa imani, na haki ya Mungu aliliamini. Mama Sanura akakata uzi kwa meno, akasema basi, kama ni wewe utakayekuwa karibu naye, sawa.

Siku ya kilele ukumbi ulipambwa kwa vitambaa vya rangi zote alizozichukia Sanura, lakini ulikuwa kimya. Mtoto aliwekewa meza mbele, yenye kitambaa cheupe, maua, chupa ya maji na kipaza sauti, huenda angependa kushukuru. Sikudhani alimpangia vizibo vyake, akageuza kiti ili aupe ukumbi mgongo, akasimama kando yake. Sanura alisema bado. Sikudhani akamwambia tutasubiri, wakasubiri, mpaka mabega ya mtoto yakashuka na vidole vikaanza kazi. Mama yake alikaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango. Kwa kitambo kile kila kitu kilikuwa salama, na Sikudhani aliwaza kwamba pengine watu wa nchi hii hawajafikia pabaya kama alivyodhani.

Mheshimiwa Kilembwe aliingia. Alifika katikati ya mlango, kimya kikampiga, akasimama. Walio karibu walimsikia akimuuliza msaidizi wake kwa kunong'ona redio imesema nini. Msaidizi akamtuliza. Mheshimiwa akarudisha rangi usoni, akapanda jukwaani, akaanza kwa sauti laini iliyowashangaza wote. Alizungumza juu ya serikali sikivu na mtoto asiyesahaulika. Alisema yeye mwenyewe utotoni alipenda upweke. Halafu akanyamaza, akamwangalia Sanura kwa kichwa kilicholala kushoto, na Dakta Semkuya akatikisa kichwa kwa fahari ya mwalimu.

"Ndugu zangu," alisema Waziri, "kwa mara ya kwanza katika historia ya taifa letu, na kwa ajili ya mtoto huyu mmoja, naagiza kwamba leo, katika ukumbi huu, hakuna mtu atakayepiga makofi."

Lilikuwa tamko zuri, tuseme kweli. Hata waliokuwa wakisinzia waliinua vichwa. Ukumbi mzima uliguswa, na ukumbi wa nchi ile ukiguswa una njia moja tu ya kusema hivyo. Walimpigia Waziri gunia. Walisimama wakampigia gunia la pili, kwa ujasiri wa uamuzi wake, na viti vilivyoanguka nyuma yao havikuhesabiwa kuwa kelele.

Katikati ya mngurumo ule Sikudhani alisikia kofi moja lililokuwa karibu kuliko yote, kavu, safi, lenye ufundi, kofi la mtu aliyewahi kushinda wilaya. Akatafuta linatoka wapi. Akatazama chini akaona ni mikono yake.

Wazee husema mazoea yana taabu, na wakishasema hivyo huendelea na chakula chao. Sikudhani hakuwa na cha kuendelea nacho. Aliikamata mikono ile ikatulia, lakini Sanura alikuwa ameshageuka. Hakuutazama ukumbi wala Waziri. Aliitazama mikono ya mwalimu wake, muda mrefu, kama mtu anayesoma neno gumu, na midomo yake ikasema bado, bado, bado, na hakuna masikio yaliyobaki ya kulisikia. Kisha akaingia chini ya meza akavuta kitambaa, na maua na chupa na kipaza sauti vikashuka pamoja. Kipaza sauti kikapiga mluzi mkali uliopita kwenye spika zote za ukumbi. Hapo ndipo mtoto alipolia, na kilio kile kilipopita kwenye kipaza sauti kilitoka kikubwa kuliko mtu yeyote mle ndani.

Walimu waliohitimu walijua la kufanya. Walilaza vichwa kushoto, wakaweka viganja kifuani, wakatamka kwa pamoja kwamba wanamwona, wanamsikia, tafadhali ainuke. Alipokosa kuinuka walirudia kwa sauti zaidi. Sikudhani alitambaa chini ya meza akamfikia, akapigwa kiwiko mdomoni, akatema damu, akajaribu tena kumfunika masikio, na mtoto akamsukuma kwa nguvu zake zote. Alikuwa hasukumi mtu tu. Alikuwa anasukuma ile mikono. Mama Sanura alitoka nyuma akapita katikati ya vichwa vilivyolala, akamfungia binti yake ndani ya kanga, akambeba alivyo mrefu vile, akatoka.

Ukidhani serikali ile iliaibika, huijui. Huko kombe hufunikwa hata kabla mwanaharamu hajafika. Kesho yake gazeti lilichapa kwa herufi nene: MTOTO AZIDIWA NA FURAHA MBELE YA WAZIRI. Picha ilimwonesha Sikudhani chini ya meza, na maelezo yakasema kwamba huyo ni mhitimu akionesha mbinu ya kisasa ya kumfuata mtoto alipo. Dakta Semkuya, aliyekuwa amepanga kumfelisha kwa kuuvunja Mkao, alisoma gazeti akampa daraja la juu.

Wizara nayo ilikaa ikatafakari afya ya mtoto. Ikaona kwamba mtoto anayezidiwa na furaha kiasi kile si vyema akae mahali penye furaha nyingi, na kwa kuwa shule zote za nchi, kwa mujibu wa sheria, ni mahali penye furaha nyingi, Sanura alipumzishwa nyumbani hadi hatua ya pili ya mafunzo, ambayo itahusu namna ya kuwafundisha wale watakaopanga hatua ya tatu. Shule ya Mzee Lukelo ilipewa hadhi ya Kituo cha Mfano. Sasa ilikuwa na mwalimu mwenye cheti na haikuwa na mtoto wa kumfundisha. Mzee Lukelo alikileta cheti darasani kwa mikono miwili, akakipachika ukutani juu ya dawati tupu la mbele, na machoni pake palikuwa na kitu kilichofanana na kuomba msamaha.

Sikudhani aliandika barua, akapanga foleni, akajibiwa kwamba ana hoja nzuri. Alipochoka kujibiwa alichukua kile kitabu cha kusomea, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kwa Mama Sanura mchana kweupe, ijapokuwa kufundisha nje ya mahali penye shangwe lilikuwa ni kosa. Njiani moyo ulimdunda kuliko siku aliyokwenda kujibu posa ya mumewe.

Mama Sanura alimfungulia, akarudi kwenye cherehani. Hakumkaribisha kiti. Alishona mshono mpaka mwisho kabla ya kusema.

"Wale sikuwategemea, Mwalimu. Ndiyo maana hawajaniumiza. Wewe nilikutegemea."

"Najua, Mama Sanura."

"Tangu tumerudi amekataa nimfunge vifungo. Hataki mkono wa mtu. Mimi, mama yake."

Sikudhani hakujitetea. Alitaka kusema kwamba haikuwa yeye, ilikuwa mikono tu, lakini aliona jinsi neno hilo lilivyo jepesi, ndivyo wasemavyo wote katika nchi ile, na akalimeza. Alisema amekuja kwa mtoto, kama ataruhusiwa, leo na kila siku atakayoruhusiwa, na kwamba akifukuzwa ataondoka. Mama Sanura alionesha kwa kidevu chini ya meza ya kukatia nguo.

Mwalimu alikaa sakafuni, mbali kidogo, akafungua kitabu akakiweka katikati. Hakumwita. Juani nje watu walipita na mizigo yao, na redio ya jirani ilikuwa ikimtangaza Waziri akizindua kitu fulani. Baada ya muda Sanura alitoka akitambaa. Hakumtazama usoni. Alikuja mpaka karibu, akaitazama mikono yake, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto, kama anayechagua yupi ndiye mkorofi.

Kisha akaushika wa kulia kwa kidole na gumba, kama kitu kinachoweza kuuma, akaulaza sakafuni, akaukalia. Ule wa kushoto akausukuma kwa mguu, mbali na mwenzake, mpaka mkono ulipofika mwisho wa urefu wake. Aliangalia kazi yake akaridhika. Ndipo akavuta kitabu.

Alisoma polepole, akirukaruka, na redio ya jirani ikapiga gunia la makofi, na mwili wake ukakaza, na uzito wake wote ukashuka juu ya mkono ule. Cherehani ilikuwa imesimama. Sikudhani alihisi vidole vikianza kufa ganzi, kisha kiganja, kisha hakuhisi kitu. Sanura aligeuza ukurasa akaendelea, na mwalimu hakuuomba mkono wake.